Mwaka Nilipopunguza Nyuso

Wiki iliyopita tulimzika Muzee Ramazani. Wanaume walimbeba baada ya sala ya adhuhuri, na sisi wanawake tukabaki uani kwake, mtaa wa Majengo, tumekaa juu ya mikeka, tukila wali katika masahani makubwa na kuongea kwa sauti ya chini. Mjukuu wake, msichana wa chuo, alinipitishia simu nione picha ambayo familia nzima ilikuwa inatumiana tangu asubuhi. Ilikuwa imeshapita katika simu nyingi, kutoka kundi moja hadi lingine, na kila ilipopita iliacha kitu njiani. Ndevu zilikuwa zimeshikana na kola ya kanzu. Macho yalikuwa madoa mawili. Nikamwuliza ni nani mwenye ile ya kwanza, ile iliyotoka kwenye kamera. Akasema, "Mama Kavira, si ni hii hii?" Nilimrudishia simu, nikatambua kwamba nimekasirika, na mimi si mtu wa kukasirika matangani. Hasira ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu mwenyewe. Aliniachia katika mwaka mmoja tu tuliofanya kazi chumba kimoja, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na nikijiona sina cha kufundishwa.

Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, imesimama juu ya lava ya volkano iliyopoa kama nusu ya mji ulivyosimama. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupokea watu, na benchi mbili. Cha nyuma kilikuwa changu: meza, kompyuta moja, betri mbili za gari zilizofungwa kwenye inverta ya kutupa umeme, na dirisha lililotazama jiko. Vumbi jeusi la mawe liliingia kila mahali, na kila asubuhi nilipangusa kibodi kwa brashi ya rangi kabla ya kuwasha chochote. Juu ya bati kulikuwa na sahani ya setilaiti, na mvua ikinyesha kwa nguvu ilikuwa inatukata na dunia mpaka inyamaze. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia vita walikuwa wanapokelewa na familia za mjini. Sisi tuliweka picha zao kwenye siti, tovuti yetu, ili mzazi aliyeko Butembo, Beni, au ng'ambo ya mpaka aweze kuingia kwenye kafe ya intaneti, afungue kurasa zetu na kutafuta uso anaoujua. Simu zenye kamera zilikuwa bado hazijafika mikononi mwa watu. Kwa mtoto mdogo asiyejua jina la kijiji chao, picha ile ndiyo ilikuwa kila kitu.

Tatizo lilikuwa uzito. Picha moja kama ilivyotoka kwenye kamera ingechukua nusu saa kupanda hadi kwenye siti, na huko Butembo ingechukua nusu saa nyingine kufunguka, mstari mmoja mmoja kuanzia juu, nywele kwanza, halafu kipaji cha uso, na mama wa watu amekaa pale anasubiri. Mkurugenzi wetu, Papa Deo, alikuwa mtu wa haki na wa haraka, na aliweka sheria: hakuna picha itakayozidi kilo ishirini. Tulisema kilo tu, kwa kuwa kilo-okteti, yaani kilobaiti, ilikuwa inachosha ulimi. Mimi nikaona ishirini ni nyingi. Katika programu yangu kulikuwa na kamstari ka kusogeza, kulia picha nzuri na nzito, kushoto picha nyepesi, na mimi nilikuwa nasogeza kushoto kila siku kidogo zaidi. Nilifika kumi na mbili. Nilifika kenda. Papa Deo alinisifu mbele ya wote kwamba kurasa zetu zinafunguka kabla mtu hajamaliza kukaa. Mama Furaha, aliyetupikia, alikuwa anatusikia kupitia dirisha na siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake aliyemletea mkaa, "Kavira anasema ule mutoto alikuwa na kilo mia nne, amemubakishia kumi. Njo maana batoto ba siku hizi bote bamekonda." Tulicheka hata tukashindwa kula.

Muzee Ramazani alikuja kwetu mwanzoni mwa mvua za Septemba. Kabla ya hapo picha zilikuwa zinapigwa na yeyote aliyekuwa anapita mtaani na kamera ya biro. Mtoto anasimamishwa mbele ya ukuta wowote, inapigwa moja, basi. Yeye alikuwa amekuwa na studio yake mjini kwa miaka mingi, chumba cha giza, madawa, taa nne, mpaka lava ikapita juu ya duka na kulifunga pamoja na kila kilichokuwemo. Hakupenda kulizungumzia. Alifika na kofia ya kufuma na viatu vilivyopigwa rangi, akaichukua kamera yetu ndogo kama mtu anayepewa kifaranga, akaizungusha, akauliza, "Filimu inaingilia wapi?" Nikamwambia haina filimu. Akatikisa kichwa polepole, na mimi nikamhesabu moja kwa moja kati ya vitu vya zamani.

Meza yake iliwekwa nyuma ya yangu, kwa hiyo alikuwa anaona kioo cha kompyuta yangu siku nzima. Siku ya tatu alisimama, akasogea hadi nikasikia harufu ya mafuta ya karafuu.

"Mwanangu, unaona nini pale?"

"Mutoto, Muzee."

"Mutoto gani?"

Nilitazama. Ilikuwa picha ya mvulana wa miaka sita hivi, kilo kenda. "Mutoto tu," nikasema.

"Mimi naona mashavu mbili na kofia. Pale kwenye kuko macho, kuko viraka." "Umepunguza picha ao umepunguza mutu?"

Nilimweleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza babu yake, kwamba intaneti ni bomba jembamba, na kwamba picha nzuri isiyofunguka haimsaidii mzazi yeyote. Haikuwa uongo. Hata leo nikisikia vijana wanaweka kwenye siti zao picha nzito kama mlango, nawaambia hivyo hivyo. Lakini Muzee aliniuliza jambo moja: je, mzazi akifungua haraka uso asioutambua, amesaidiwa nini? Mama Furaha akatuita. Tulikula barazani, bugali, sombe ya majani ya muhogo na vidagaa vya sambaza vya kukaanga vilivyokamuliwa ndimu, na Muzee, aliyekula kwa utaratibu na bila maneno mengi, hakulirudia tena suala lile. Mimi niliona nimeshinda.

Mama Kahindo alikuja mwezi wa kumi na moja. Alikuwa ametoka Vitshumbi, alikouza samaki wa kukausha, siku mbili juu ya lori. Alikuwa amemtafuta binti yake, Kahindo, wa miaka mitano, tangu siku walipokimbia na kila mtu akashika njia yake. Nilimweka kwenye kiti changu, nikamfungulia kurasa zetu moja baada ya nyingine. Nilifungua siti, kwa sababu ndiyo iliyokuwa tayari mbele yangu na nilikuwa najivunia wepesi wake. Picha asili zilikuwa kwenye sahani za CD ndani ya mtoto wa meza, umbali wa mkono. Haikunijia kuzifungua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, ameinama hadi pumzi yake ikawa inaacha ukungu kwenye kioo. Kila picha aliipa muda wake. Kwa kila moja alisema kwa sauti ndogo, "Haiko huyu," na mimi nikabonyeza. Nilimuuliza kama mtoto ana alama. Akagusa pembeni ya nyusi ya kushoto. "Kuko kovu hapa, kadogo, kama mbegu ya mutama. Alianguka juu ya jiwe." Nikaandika. Tulifika mwisho. Akasema "haiko huyu" mara ya mwisho, akashukuru, akala sahani ya maharagi aliyopewa na Mama Furaha, akaniachia jina la soko la pale Vitshumbi ambako watu wote wanamjua, akaenda kutafuta lori la kurudi. Sikuwaza juu yake tena kwa juma zima.

Ni Muzee aliyeniita. Alikuwa ameomba ruhusa ya kupitia picha zote za zamani, zile asili, akisema anataka kujua waliomtangulia walipigaje, nami nikamfungulia CD zile, akawa amekaa kwenye kompyuta yangu saa ya chakula wakati sisi tuko barazani. Nilipoingia, sahani yangu ingali mkononi, kioo kilikuwa kimejaa uso mmoja mkubwa. Msichana mdogo mbele ya ukuta wa mawe ya lava. Pembeni ya nyusi ya kushoto, wazi kama alama ya kalamu, kulikuwa na mbegu ya mtama.

"Ule mama wa Vitshumbi," alisema Muzee. "Ulimuonyesha huyu?"

Nilifungua siti. Nilimkuta mtoto yule yule katika ukurasa wa tano, kilo kenda. Jina: Neema. Hilo lilikuwa jina alilopewa na familia iliyompokea katika mtaa wa Katoyi, kwa kuwa wiki za mwanzo hakutaka kusema na mtu. Kovu halikuwepo. Mahali pake palikuwa na kiraka cha rangi ya udongo, kimeungana na jicho. Mdomo ulikuwa mstari. Lakini ule ukuta wa lava nyuma yake, matundu yake yote, ungeweza karibu kuyahesabu. Nilikumbuka kwamba kwa picha hii mama yule alikuwa ameinama muda mrefu kuliko kwa nyingine, na mimi kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilikaa chini. Muzee hakunigombeza. Alitoa leso mfukoni akafuta kioo, ingawa hakikuwa na kitu, akasema, kama anayejisemea, "Angalia. Huu ukuta unakula chakula ya mutoto."

Sijapata kusikia mtu akieleza vizuri zaidi jinsi kazi ile inavyokwenda. Unapoibana picha, mashini inagawa uzito uliobaki kwa kila sehemu, kama mama anavyogawa chungu kidogo kwa watu wengi. Ukutani kuna matundu elfu, na kila tundu linanyoosha sahani. Shavu la mtoto ni laini na halidai chochote, kwa hiyo linapewa makombo. Nilikuwa nimesomea mambo haya, nilikuwa na cheti, na nilikuwa sijayaona. Muzee, ambaye hakujua hata kufungua faili bila msaada, aliyaona kwa kutazama tu, kwa sababu maisha yake yote alikuwa amening'iniza kitambaa nyuma ya watu.

Kulikuwa na haraka ambayo hatukuijua mpaka tulipokwenda Katoyi jioni ile kumuuliza mama mlezi. Jina lake lilikuwa Mama Justine. Alitukaribisha chai ya maziwa na mandazi, na mtoto alikuwa pale pale, anapanga vifuniko vya chupa kwenye sakafu. Mama Justine alitueleza kwamba mume wake amepata kazi Bukavu na wote wanahama kwa boti baada ya wiki tatu. Neema wangekwenda naye. "Ni mutoto wangu sasa," alisema, bila ukali. "Kama mama yake yuko, mumulete. Kama hayuko, musimuchezeshe roho." Nilimtazama mtoto. Kovu lilikuwa pale, dogo, la kweli. Nilisikia aibu hata nikashindwa kumaliza chai.

Kesho yake nilikwenda kwa Papa Deo na kumwambia mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba sheria yake ya kilo ishirini ndiyo iliyotufikisha pale, lakini nilipofika mbele yake sikuweza, kwa sababu kenda haikuwa sheria yake, ilikuwa majivuno yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Ni huyu peke yake?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi njo kazi yako. Zote zirudie."

Tulizirudia zote. Muzee alinitafutia labo moja ya picha mjini iliyotengeneza picha ya karatasi ya Kahindo, kubwa kama kiganja, kali, akaikabidhi kwa dereva wa lori la samaki aliyekuwa jamaa ya mke wake, pamoja na maelezo ya soko lile la Vitshumbi. Kisha tukakaa chini. Kwanza nilikata: kila picha niliisogeza karibu na uso, ukuta ukabaki nje. Halafu niliipunguza upana na urefu mpaka ukubwa ule ule ambao mtu angeiona kwenye kioo, na hapo nikagundua kwamba uzito mwingi unaondoka bila uso kuumia. Kupunguza kunalainisha, kwa hiyo baada yake niliinoa kidogo, kidogo tu, kwa sababu ukizidisha mtoto anaota mistari kama mzee. Kamstari ka kusogeza nilikagusa mwishoni kabisa, na Muzee amesimama nyuma yangu. "Rudi," alikuwa anasema. "Rudi tena. Pale. Kope zimerudi." Nyingi zilitoka na kilo kumi na nane, kumi na kenda, ndani ya sheria, na mtu yumo. Tulizipandisha asubuhi na mapema, kabla mji haujaamka na kutumia setilaiti ile ile.

Si zote zilizorudi. Katika miezi yangu ya kwanza, kwa uvivu, nilikuwa nimehifadhi picha nyepesi juu ya asili, na picha iliyobanwa hivyo hairudi, hata uinoe namna gani. Walikuwa watoto kumi na wanne. Muzee alikwenda kuwatafuta mtaa kwa mtaa, na kitambaa cha buluu alichokishona kwa mashuka mawili, akakining'iniza juu ya kamba za nguo, juu ya milango, mara moja juu ya mabega ya mapadri wawili, akawapiga picha upya kumi na mmoja. Watatu walikuwa wamehamishwa na familia zao za malezi na hatukuwapata. Nyuso zao zilibaki kwenye siti vile nilivyoziacha. Watu huniambia nisijilaumu, kwamba wakati ule kila mtu alikuwa anafanya vile. Huwa nashukuru na kubadilisha mazungumzo. Ninawajua wote watatu kwa viraka vyao.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Dereva alirudi akasema ameiacha picha mikononi mwa mama mmoja wa soko, kwa kuwa Mama Kahindo mwenyewe alikuwa amekwenda Kirumba kuuza. Mvua ilinyesha sana. Mama Justine alianza kufunga vyombo. Mimi nilikuwa nikisikia lori barabarani nachungulia, na Muzee, aliyekuwa amefunga sunna siku zile, alikaa na kamera mapajani akisafisha kioo chake kwa pamba. Siku nne kabla ya boti, saa nne asubuhi, Mama Kahindo aliingia chumba cha mbele, karatasi ile imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kifuani mwake. Alikuwa amekonda zaidi. Nilimwomba akae, nikamwambia ukweli wote nikiwa nimesimama: kwamba alikuwa amemwona binti yake kwenye kioo changu, na kwamba ni mimi niliyemfuta kovu.

"Ile picha naikumbuka," alisema Mama Kahindo. "Nilijiambia, huyu mutoto wa wenyewe amelia sana, mpaka sura imemutoka." Halafu akasema, "Twende."

Kule Katoyi, Mama Justine alikuwa amemvika mtoto gauni safi na kumkalisha kwenye kigoda katikati ya uwanja. Sisi tulisimama langoni. Kahindo alimtazama mama yake na hakusogea. Ilikuwa imepita karibu mwaka, na mwanamke aliyesimama pale alikuwa nusu ya yule aliyemwacha. Mama Justine akamshika mtoto bega ili amsukume mbele kidogo, na mimi pia, kwa haraka yangu ile ile, nikamwambia mama aende, amkumbatie. Mama Kahindo akatuzuia kwa mkono. Akavua sandali, akachuchumaa pale pale juu ya mawe, mbali na mtoto, uso wake kwenye mwanga.

"Mumuache aniangalie," alisema. "Mimi pia nilimupita kwenye picha."

Muzee alikuwa na kamera shingoni na hakuiinua. Mtoto aliangalia nywele, akaangalia mikono, akaangalia miguu, akarudi usoni, na mama hakutabasamu kumsaidia wala hakumwita kwa jina. Alikaa tu aonekane. Mwishowe Kahindo akauliza, kwa sauti ambayo hata Mama Justine alikuwa ameisikia mara chache, "Kitambaa yako ya kijani iko wapi?"

"Ilipasuka njiani," mama akajibu.

Mtoto akalifikiria jibu lile. Kisha akashuka kwenye kigoda.